Haba na Haba Hujaza Kibaba: Misuli Haijengwi kwa Kujiua

SEHEMU YA 1: DOZI

Wiki hii tunaongelea mazoezi, kwa sababu maswali yamekuwa mengi na yanafanana. "Sista, nimejifungua miezi mitatu iliyopita, nataka mikono na mapaja yakaze, nifanye tizi mara ngapi?" "Nesi, mume wangu anaenda jimu kila siku, saa mbili nzima, lakini mwili hauongezeki, amekuwa mkali tu nyumbani. Tatizo nini?" "Mwanangu wa kidato cha nne ananyanyua vyuma vya zege asubuhi na jioni, nimwache?"

Nitawajibu kwa neno ambalo sisi manesi tunaishi nalo: dozi. Ukija na homa nakupa paracetamol vidonge viwili, unapumzika masaa sita, unameza tena ikihitajika. Hakuna mama mwenye akili timamu anayesema, "Hivi viwili vimenisaidia, basi nikimeza kumi nitapona mara tano." Unajua kabisa kumi vitakuharibu ini. Lakini mtu huyohuyo akiingia jimu anaamini kwamba kama seti tatu ni nzuri, basi kumi na tano ni nzuri zaidi.

Zoezi nalo ni dozi. Likipungua halifanyi kitu, likitosha linajenga, likizidi linabomoa. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: msuli haukui ukiwa umeshika chuma. Pale unapewa tu taarifa kwamba mzigo umeongezeka. Kukua kwenyewe kunafanyika baadaye, ukiwa umekula na umelala. Ukiukatisha ule muda wa baadaye, umekata ujenzi wenyewe.

Twende taratibu, sehemu kwa sehemu.

SEHEMU YA 2: WALIOBEBA KABLA YETU

Niko Tabora, na mtu wa Tabora hawezi kuongelea mizigo na miili bila kuwataja wapagazi. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, kila pembe ya ndovu iliyotoka bara na kila jora la kitambaa lililotoka pwani lilipita juu ya bega la mtu. Hapa Unyanyembe ndipo njia zilipokutana: moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda, na ile kubwa ya kuteremka Bagamoyo. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaona tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Wageni wale ndio walioandikwa vitabuni. Waliobeba masanduku yao hatuna hata majina yao mengi.

Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wote wa njia ile. Wengi walikuwa watu huru waliopatana mshahara. Nasema wengi, si wote, kwa sababu njia hiyohiyo ilipitisha watumwa pia, na hilo hatulifichi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Juu yake aliweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo.

La kwanza, hawakuanza na frasila mbili. Burton, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kwamba mtoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba alianza kwa kubeba kipembe kidogo begani. Kidogo, halafu kikubwa kidogo, halafu kikubwa zaidi, mpaka akiwa kijana mzigo wa kweli haumshangazi.

La pili, hawakutembea mchana kutwa. Msafara uliondoka alfajiri, ukaweka mizigo chini kabla jua halijawa kali. Mchana uliobaki ulikuwa wa kupika, kujenga kambi, kupiga hadithi na kulala.

La tatu, hawakutembea kila siku. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Unyanyembe mwezi Juni. Ni safari ya kilomita mia nane na kitu kwa siku tisini na kitu. Piga hesabu: wastani hauzidi kilomita kumi kwa siku. Na wale ni watu ambao siku ya mwendo walikuwa wanaweza kukata kilomita ishirini. Zilizobaki zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye siku za kusimama. Siku nyingine walisimama kwa homa, nyingine kwa kudaiwa hongo na watemi wa Ugogo, nyingine kununua chakula, na nyingine kwa sababu wapagazi walisema leo hatwendi, tumechoka. Na wapagazi wakisema hawaendi, bwana msafara alikuwa hana la kufanya. Akikasirika sana, walimwachia mizigo yake porini.

La nne, walikuwa na posho. Neno hili tunalitumia mpaka leo kwa maana ya hela ya vikao, lakini kwenye msafara posho ilikuwa chakula: kibaba kimoja cha nafaka kwa kila mtu kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Hakuna posho, hakuna mwendo. Njia nzima ilikuwa inaendeshwa na kibaba.

Na la tano, ilikuwa kazi ya msimu. Mvua zikikaribia, wengi walitaka kurudi nyumbani kulima. Mwili ulibadilishiwa kazi.

Sisemi maisha yao yalikuwa mazuri. Wengi walikufa njiani kwa ndui, kuhara na njaa. Ile sehemu waliyoiita Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, iliwalazimisha kutembea mwendo mrefu bila maji, na mifupa ya walioshindwa ilibaki kando ya njia. Lakini angalia waliobeba miaka na miaka wakarudi wazima: walikuwa watu wa kuanza kidogo, kubeba kwa kipimo, kula na kuweka mzigo chini. Mwili wako na wangu una kanuni hizohizo.

SEHEMU YA 3: KIJANA WA MKOJO MWEUSI

Nisimulie kisa kimoja, bila jina na bila kutaja kituo.

Mama mmoja alimleta kijana wake wa miaka ishirini na kitu. "Shikamoo nesi," alinisalimia kijana, lakini mikono imekunjwa kama mtu anayebeba kuku kwapani. Hawezi kuinyoosha. Mama anasema, "Nesi, nadhani ni malaria kali, mkojo umekuwa mweusi." Hakukosea kuwaza hivyo, kwa sababu malaria kali inaweza kuleta mkojo mweusi, na huku kwetu malaria tunaijua. Kipimo cha malaria kikasema hapana.

Nikamuuliza kijana, "Juzi ulifanya nini?" Akaangalia chini. Alikuwa ameanza jimu ya mtaani, siku ya kwanza, na wenzake wakamshindisha. Mikono tu, seti baada ya seti, zaidi ya saa moja na nusu, mpaka akashindwa kushika kikombe. Kesho yake maumivu yakawa makali, akanunua diklofenaki duka la dawa, akameza na kurudi tena jimu ili "kuyatoa maumivu". Maji alikunywa kidogo. Siku ya tatu mkojo ukatoka rangi ya kola.

Kilichotokea ni hiki. Msuli ukitwikwa mzigo mkubwa kupita kiasi kabla haujazoea, nyuzi zake zinavunjika kwa wingi na kumwaga vilivyomo ndani kwenye damu. Kimojawapo ni protini inayoitwa mayoglobini. Figo inajaribu kuichuja, na hiyo ndiyo inayobadilisha rangi ya mkojo. Ikiwa nyingi, figo inaumia, na inaweza kusimama kabisa. Dawa kama diklofenaki nazo zinaielemea figo, hasa mtu akiwa hana maji mwilini. Kwa hiyo kijana alikuwa ameibana figo yake pande mbili.

Alilazwa, akawekewa dripu nyingi, akapimwa damu kila siku. Baada ya siku kadhaa mkojo ukaanza kuwa mweupe, na figo zikawa salama. Kuna wanaofika wamechelewa, wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Mama, weka hili kichwani. Mtu akifanya zoezi zito halafu ndani ya siku moja hadi tatu ukaona (1) maumivu makali kuliko kawaida na msuli umevimba, (2) udhaifu, hawezi kukunja au kunyoosha kiungo, (3) mkojo rangi ya kola au ya chai ya rangi iliyokolea, usisubiri asubuhi. Si lazima dalili zote tatu ziwepo. Nenda hospitali, na mwambie mhudumu wazi kwamba alifanya mazoezi mazito. Bila kusema hilo, mnaweza kuzungushwa kwenye vipimo vingine.

Na jingine linalotuhusu sana Watanzania. Nchi yetu ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, yaani sikoseli, duniani. Maana yake wapo wengi zaidi wanaobeba kinasaba kimoja tu, hawaumwi, na hawajui kama wanacho. Watu hao wanaweza kufanya mazoezi vizuri kabisa, lakini wakijisukuma kupita kiasi ghafla, kwenye joto, bila maji, hatari ya misuli kuvunjika kwao ni kubwa zaidi. Kama kwenu kuna mtoto wa selimundu, ndugu zake waanze taratibu, wanywe maji, wapumzike kati ya seti, na wasishindishwe na mtu.

SEHEMU YA 4: KIASI GANI KINATOSHA?

Sasa mnauliza, "Sista, umetutisha, tuache?" Hapana. Msuli ni mali. Unashika sukari ya mwili isipande, unalinda mifupa, unakusaidia kubeba mtoto na ndoo bila kuumia mgongo, na ukizeeka ndio utakaokuinua kwenye kiti bila kushikwa mkono. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kama kutembea kwa haraka. Siku mbili. Umesoma vizuri.

Kwa anayetaka misuli ionekane kukua, siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, dakika thelathini hadi arobaini. Kwa nini?

Baada ya zoezi zuri, msuli unabaki kwenye ujenzi kwa muda wa kama siku moja hadi mbili. Ukiugonga tena kwa nguvu kabla hapo, umemfukuza fundi kabla hajamaliza ukuta. Ndiyo maana msuli uliofanya kazi Jumatatu, urudie Jumatano au Alhamisi.

Halafu, seti za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kwa watu wengi, kama seti kumi kwa wiki kwa kila kundi la misuli zinatosha kabisa kuukuza, na anayeanza anakua hata kwa nusu yake. Ukizidi sana, faida inapungua na uchovu unaongezeka. Siku tatu mara seti tatu ni seti tisa. Umemaliza, nenda kapike au kalale.

Na uzito? Hapa akina mama ndio watafurahi. Si lazima chuma kizito. Msuli unakua kwa mzigo wa kurudia mara sita na unakua pia kwa mzigo mwepesi wa kurudia mara ishirini na tano, mradi tu mwisho wa seti uwe umefika karibu na kushindwa. Karibu, si kushindwa kabisa. Simama pale unapohisi, "Ningeweza mbili tatu zaidi, lakini kwa tabu." Ukiweza kupiga stori wakati unafanya, ni nyepesi mno. Ukianza kupinda mgongo na kukunja uso, umepita.

Kati ya seti na seti pumzika dakika mbili. Mpe mtoto maji, geuza mboga, rudi.

SEHEMU YA 5: JIMU YA DUMU

Jimu ya kulipia ni nzuri ukiwa na nafasi. Lakini najua wengi wenu, kama mimi, mnaishi na ratiba ya watoto. Mimi nina wawili na zamu za usiku. Ninachotumia nyumbani ni madumu ya maji, na sababu yangu ni ya kisayansi kabisa: lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita tano ni kilo tano. La lita ishirini, likijaa, ni kilo ishirini. Hakuna chuma cha dukani kinachokuruhusu kuongeza nusu kilo kwa kumimina kikombe viwili. Haba na haba hujaza kibaba. Waliosema hivyo walikuwa wanapima nafaka, lakini na mwili hupimwa hivyohivyo.

Kabla hujaanza, tembea au ruka dakika tano mwili upate joto. Halafu mazoezi ni matano tu.

Moja, kuchuchumaa. Shika dumu kifuani kwa mikono miwili, miguu imeachana usawa wa mabega, shuka kama unakaa kwenye kigoda, inuka. Kisigino kisinyanyuke.

Mbili, pushapu. Anza ukiwa umesimama, mikono ukutani. Ukizoea, hamia ukingo wa meza imara, kisha ngazi, mwisho chini. Msidharau ukuta. Ndio ule upembe mdogo wa mtoto wa miaka sita.

Tatu, kuvuta. Inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeegemea kiti, mwingine unavuta dumu kutoka chini mpaka ubavuni. Hapa ndipo mgongo wa mama anayenyonyesha unapopata nguvu.

Nne, kuinua nyonga. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, inua makalio, bana, teremka. Ukizoea, weka dumu la lita tano juu ya nyonga.

Tano, kubeba na kutembea. Dumu mkono huu, dumu mkono ule, simama wima, tembea uani nusu dakika au dakika moja, weka chini. Hili naliita zoezi la mpagazi. Linajenga mikono, mabega, tumbo na miguu kwa pamoja.

Wiki mbili za kwanza fanya seti moja au mbili tu kwa kila zoezi, hata kama unajisikia una nguvu za simba. Kisha panda mpaka seti tatu. Ukifika kurudia mara kumi na tano kwa urahisi, ongeza lita moja. Wiki za mwanzo utaona nguvu inaongezeka lakini kioo kinasema hakuna kitu. Usikate tamaa: kwanza mishipa ya fahamu inajifunza kuuamrisha msuli. Mabadiliko ya macho yanakuja kama baada ya wiki nane hadi kumi na mbili.

Na kama siku hiyo umeteka maji kisimani ndoo sita, umelima au umefua mashuka ya nyumba nzima, hiyo tayari ni kazi. Usiilipe tena kwa dumu. Mpagazi hakufika kambini akaanza kunyanyua mawe.

SEHEMU YA 6: KWA ALIYETOKA KUJIFUNGUA

Wewe ni mpagazi uliyevuka Mgunda Mkali wako. Umebeba miezi tisa, umejifungua, na sasa unaamka mara nne usiku. Mtu asikwambie "mbona fulani alirudisha mwili kwa mwezi mmoja".

Kama ulijifungua kawaida bila matatizo, kutembea taratibu na kubana misuli ya nyonga unaweza kuanza siku za mwanzoni ukijisikia vizuri. Misuli ya nyonga unaibana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja: hesabu tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usifanye hivyo ukiwa unakojoa kweli. Mazoezi ya mzigo subiri hudhurio la mwisho la kliniki baada ya kujifungua, ile ya karibu na siku ya 42, umuulize mhudumu akuangalie. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, subira ni ndefu zaidi, na kauli ya daktari wako ndiyo itangulie kuliko ya kwangu. Mpaka hapo, usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako.

Ukianza, acha mara moja na uje tukuone ukiona damu imerudi au imeongezeka, mkojo unavuja ukinyanyua, kuna uzito kama kitu kinashuka ukeni, mshono unauma, au katikati ya tumbo panachomoza kama kigongo ukijaribu kuinuka. Vyote hivyo vina msaada wake. Usivifunge kanga ukanyamaza.

Na wale wanaogopa maziwa kukauka: mazoezi ya wastani hayakaushi maziwa. Kinachoyapunguza ni kujinyima chakula na maji, na kutonyonyesha mara kwa mara. Nyonyesha kwanza, ndipo ufanye. Matiti yatakuwa mepesi na mtoto atakuwa ametulia.

SEHEMU YA 7: POSHO NA USINGIZI

Turudi kwenye kibaba. Kumtwika mtu mzigo bila kumpa posho ni dhuluma, na wengi mnajidhulumu wenyewe: tizi jioni, halafu chai kavu usiku "nisinenepe". Msuli unatengenezwa kwa protini. Anayefanya mazoezi ya kukuza misuli anahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni kati ya gramu 72 na 96.

Inapatikana bila unga wa kopo la bei mbaya. Mayai mawili, gramu kama 12. Bakuli la maharage yaliyoiva, kama 17. Konzi mbili za karanga zetu za hapa Tabora, kama 12. Glasi mbili za maziwa, kama 16. Dagaa wakavu gramu 30, kama 18. Ugali wa siku nzima nao una zake, kama 15. Jumlisha: umefika 90. Siyo lazima kila kitu kila siku. Kama hakuna maziwa, ongeza maharage. Asali yetu ni tamu na inatia nguvu, ila haina protini ya kuhesabu. Na mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

Usingizi ndio siku ya kambi. Anayelala masaa manne kila usiku halafu anapiga chuma siku sita anachota maji kwa tenga. Kwa mama mwenye kichanga najua masaa saba ni ndoto, kwa hiyo nakwambia hivi: usiku uliolala vibaya sana, kesho yake punguza seti au ahirisha. Hakuna msuli uliopotea kwa siku moja ya kupumzika. Baba mtoto, na wewe hapa una kazi. Mchukue mtoto nusu saa, mkeo afanye zoezi lake au alale. Ukitaka kujua uanaume wako, uone hapo.

Zijue dalili za aliyezidisha: mapigo ya moyo yakiwa juu kuliko kawaida yake asubuhi kabla hajaamka kitandani, usingizi wa kukatika, hasira za bure, mafua yasiyoisha, nguvu inayoshuka badala ya kupanda, maumivu ya viungo yanayozidi. Kwa mwanamke, hedhi kupotea au kuruka miezi ni kengele kubwa. Anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo, mwili unafunga uzazi na mifupa inaanza kudhoofika. Pima mimba kwanza, kisha njoo tuongee. Kwa mwanaume, hamu ya tendo kushuka nayo ni dalili.

Hapa nigusie na zile sindano na vidonge vya kukuza misuli vinavyouzwa kwa siri. Ni homoni za kiume za kutengenezwa. Ukimwingizia kijana homoni ya nje, mwili wake unaacha kutengeneza ya kwake, korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua, wakati mwingine zinakwisha kabisa. Moyo na ini navyo vinaumia. Wapo wanandoa wanaokuja kliniki kutafuta mtoto, mke anapimwa kila kitu, kumbe jibu limo kwenye chupa iliyofichwa kwenye begi la jimu la mume. Dada, uliza swali hilo mapema, tena kwa upole, maana ukimgombeza atakuficha.

SEHEMU YA 8: NIMALIZE

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na usemi wake tukirudi kisimani tukiwa watoto, kila mmoja anataka ndoo kubwa: "Mzigo haubebwi kwa hasira." Babu yake yeye alikuwa mtu wa safari za pwani. Sijui alibeba pembe ngapi, lakini najua alirudi, akalima, akazaa, ndiyo maana nipo hapa nawaandikia.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi ndogo. Chagua siku mbili, siyo sita. Jaza dumu nusu, siyo lote. Fanya seti moja ya kila zoezi, andika kwenye kidaftari umerudia mara ngapi. Kula maharage yako, lala mapema uwezavyo, na ile siku ya kupumzika uipumzike kweli bila kujiona mvivu. Wiki ijayo uongeze kidogo.

Na yule kijana wa nyumbani anayeshindana na wenzake mtaani, msomee sehemu ya 3 leo jioni. Msomee polepole, umwangalie usoni. Halafu muulize mkojo wake una rangi gani. Atacheka, lakini mwambie nesi ndiye kauliza.